Simba wa Kutumwa: Vifo vya Unyaturu na Swali la Wajibu

Mwaka 1921 serikali ya Waingereza ilileta Afrika Mashariki shilingi mpya. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili alisimama simba, na nyuma yake milima. Rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotangulia tangu mwaka 1890, nayo ilibeba nembo ya simba. Kwa hiyo mkulima wa Singida, Manyoni au Mpwapwa aliyepeleka mbuzi mnadani ili apate fedha ya kodi alipewa simba mkononi, kisha akamkabidhi kwa karani wa boma. Maana ya simba huyo haikuwa na utata: dola ipo, ina nguvu, na inadai chake. Lakini katika zama hizohizo, kwenye vijiji vya Wanyaturu kuizunguka Singida, simba wa namna nyingine alikuwa anaua watu, na waliomzungumzia hawakukubaliana hata yeye ni nani. Wapo waliosema ni mnyama. Wapo waliosema ni binadamu aliyevaa ngozi. Wapo waliosema ni mnyama kweli, ila ametumwa. Hoja yangu ni kwamba mabishano hayo, ambayo yamezoeleka kusimuliwa kama kisa cha ushirikina, yalikuwa mabishano ya kisiasa juu ya wajibu: raia akiuawa, nani ana deni la kueleza, la kulinda na la kulipa? Huko ndiko maana ya simba wa nyanda za kati ilikotengenezwa.

Swali hili si la Tanzania peke yake, wala halikuanza jana. Wayunani wa kale waliishi na simba kabla hawajabaki naye kwenye mawe na majina. Herodoto, katika kitabu cha saba cha historia yake, anasimulia kwamba jeshi la Xerxes lilipopita kaskazini mwa Ugiriki mwaka 480 kabla ya Kristo, simba walishuka usiku na kuwashambulia ngamia wa mizigo, na anakiri kushangazwa kwa nini waliwaacha wanyama wengine na watu. Katika kitabu hichohicho anataja simba wa jiwe aliyesimamishwa Thermopylae kwa heshima ya Leonidas, mfalme wa Sparta ambaye jina lake lenyewe limetokana na simba. Wa kwanza ni mnyama anayezua swali. Wa pili ni nembo, na swali lake limekwisha kufungwa. Simba walipotoweka Ugiriki, nembo ilibaki peke yake, na kwa sababu hiyo dunia imezoea kumsoma simba kama ufalme na ushujaa tu. Ethiopia ilikuwa na Simba wa Yuda. Tanzania ilimpa Rashidi Kawawa jina la Simba wa Vita. Nyanda za kati zina historia tofauti kwa sababu mnyama mwenyewe hakuondoka. Tanzania hadi leo ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na hifadhi za Rungwa, Kizigo, Muhesi na Swagaswaga zimepakana na mashamba na malisho. Mahali ambapo simba bado anaua, maana yake haiwezi kuachiwa wachonga sanamu.

Tuanze na yaliyotokea. Yapata mwaka 1920, Waingereza wakiwa bado wanajifunza njia za nchi waliyoipokonya kwa Wajerumani, boma la Singida lilianza kupokea taarifa za watu waliokutwa wameraruliwa, na za minong'ono kwamba waliowaua walikuwa simba-watu. Habari zikatulia, kisha zikarudi kwa nguvu kati ya mwaka 1946 na 1948, safari hii vifo vikihesabiwa kwa makumi. Ilisemwa kwamba vijana, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, walifichwa ndani ya nyumba gizani, wakapewa dawa, wakafundishwa kutembea kwa miguu na mikono, wakavishwa ngozi na makucha, kisha wakakodishwa kwa yeyote aliyekuwa na kisasi na fedha ya kulipia. Wilaya ya Singida ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma. Polisi waliongezwa, washukiwa wakakamatwa, wanawake wakiwa miongoni mwao. Baadhi walihukumiwa kwa mauaji na kunyongwa. Mwaka 1950 A. W. Wyatt alichapisha makala kuhusu simba-watu wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, aliirudia habari hiyo katika jarida lilelile ili kuipima upya. Kwamba jambo hilo lilihitaji kupimwa upya baada ya kesi kwisha na watu kunyongwa ni ushahidi tosha kwamba hukumu haikuumaliza mjadala.

Jibu la kwanza lilikuwa la mahakama. Mahakama ya kikoloni ingeweza kumhukumu mtu, haikuweza kumhukumu simba. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliadhibu wanaodai kuwa na nguvu za kichawi na wanaowatuhumu wengine kuwa nazo, na papo hapo ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mshukiwa kutoka kijijini kwake. Hapo sheria ilisimama pande mbili: ilikana kwamba uchawi una nguvu, lakini ikakubali kwamba kuwapo kwa mshukiwa kijijini ni hatari kwa amani. Kwa vifo vya Singida, njia pekee iliyoiwezesha dola kuchukua hatua ilikuwa kuthibitisha kwamba nyuma ya makucha palikuwa na mkono wa binadamu. Simaanishi kwamba ushahidi ulibuniwa. Ninachosema ni kwamba chombo kilichoundwa kutafuta muuaji kitamtafuta muuaji, na maswali yasiyo na mshitakiwa kitayaacha mlangoni.

Jibu la pili lilikuwa la Bwana Nyama, yaani ofisa wa idara ya wanyamapori. Mfano wake bora uko kusini mwa nyanda za kati, Njombe, ambako tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1947 simba waliua watu wengi mno, na masimulizi yanayorudiwa mara kwa mara yanataja mamia hadi zaidi ya elfu. George Rushby, aliyepelekwa kuwasaka, hakutafuta mtu mwenye ngozi. Alitafuta nyayo, akasikiliza mahali ambapo tukio la mwisho lilitokea, akawapiga simba risasi mmoja baada ya mwingine, hata yeye na askari wake wakaua 15. Maelezo yake yalikuwa ya kiikolojia: katika juhudi za kuzuia sotoka isivuke kuelekea kusini, serikali ilikuwa imepunguza wanyama pori kwa bunduki katika eneo kubwa, na simba waliokosa mawindo wakawageukia binadamu. Ukiyafuata maelezo hayo hadi mwisho, yanamrudisha mwenye kosa kwenye ofisi ya serikali yenyewe. Sera iliyobuniwa kulinda ng'ombe ilifungua njia ya kuuawa kwa watu, na hapakuwa na mahakama ya kuisikiliza kesi hiyo.

Jibu la tatu lilikuwa la wanakijiji. Kule Njombe walisema simba walikuwa wa Matamula Mangera, mganga na jumbe aliyevuliwa madaraka, na kwamba wasingetulia mpaka arudishiwe cheo chake. Rushby alikataa kuliamini hilo. Vifo vilipokoma, yeye alihesabu risasi zake. Wenyeji walihesabu kurudishwa kwa Mangera. Wasomaji wengi hukichukua kisa hiki kama mashindano kati ya elimu na ujinga, na elimu ikashinda. Nadhani hivyo tunapoteza sehemu yake yenye maana zaidi. Katika jamii za nyanda hizi, kiongozi alidaiwa usalama wa nchi nzima: mvua, rutuba, afya ya mifugo, kinga dhidi ya vita na wanyama. Kwa Wagogo, kama Peter Rigby alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, mtemi alikuwa kwanza mtunza nchi kwa njia ya ibada, mwenye mawe ya mvua na mamlaka ya kuitakasa ardhi. Na mifugo ilipokumbwa na maradhi, wanawake wangevaa mavazi ya wanaume na kuchunga ng'ombe ili kuuondoa mkosi. Utawala wa kikoloni uliwateua na kuwafukuza viongozi kwa kigezo cha ukusanyaji wa kodi. Uliyachukua mamlaka yao bila kuuchukua mzigo wao. Aliyesema kwamba simba wametoka porini kwa sababu jumbe amevuliwa cheo alikuwa anasema, kwa lugha ya mahali pake, kwamba mkataba wa ulinzi umevunjwa na aliyeuvunja anajulikana.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu ni wakati. Vifo vya simba-watu havikusambaa sawasawa katika miaka yote. Taarifa zake zinajazana mara mbili, na mara zote mbili ni baada ya vita na njaa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Makaburu kutoka Afrika Kusini yaliteka Kondoa, Dodoma na Singida, huku Wajerumani wakirudi nyuma. Kila upande ulichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ukame ulipofuata, Ugogo ukaingia katika njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma watu 30,000 walikufa kati ya wakazi wapatao 150,000. Watu walitawanyika kutafuta chakula, mifugo ikaisha, mashamba yakageuka vichaka. Ni mwishoni mwa Mtunya, Unyaturu ukiwa jirani aliyepitiwa na majeshi yaleyale, ndipo boma liliposikia habari za simba-watu. Vita Vikuu vya Pili navyo vilikuja na madai yake: vijana waliandikishwa jeshini, wengine wakachukuliwa kwa nguvu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na Jimbo la Kati likapungukiwa chakula. Vita vilipokwisha, wimbi la pili likaanza.

Fikiria kilichobadilika katika mwaka wa namna hiyo. Kijiji kilichopungukiwa wanaume hakiwezi kupanga msako wa mikuki wala kujenga upya maboma ya miiba. Watoto wadogo ndio wanaobaki na mifugo, na wanaichunga mbali zaidi kwa sababu malisho ya karibu yamekwisha. Wanawake na wazee hulala kwenye dungu shambani kulinda mtama dhidi ya nguruwe pori, kwa kuwa gunia moja likipotea hakuna la kufidia. Kichaka kinasogea hadi uani. Takwimu za zama zetu zinaunga mkono picha hii. Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walionyesha mwaka 2005, katika jarida la Nature, kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, hasa katika mikoa ya kusini na pwani. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, katika wilaya zenye wanyama wachache wa mawindo na nguruwe pori wengi, kwa sababu nguruwe hao huwavuta simba hadi shambani, na shambani yupo mkulima aliyelala katika kibanda cha nyasi. Simba wa miaka ya 1990 hakuwa na habari ya ukoloni. Alifuata njia ileile: palipo na mkulima asiye na ulinzi, gizani, karibu na chakula.

Hapa anaweza kuinuka mpinzani na kusema: ukiwaelezea simba kwa njaa na vichaka, unawafuta wauaji. Mahakama zilipokea ushahidi, watu walikiri, na Wanyaturu wenyewe hawakuwa na shaka kwamba kulikuwa na binadamu waliokuwa wakiua. Nakubali uzito wa pingamizi hili. Sina sababu ya kukana kwamba wapo waliouawa na binadamu katika miaka hiyo; palipo na madeni, migogoro ya urithi na visasi, muuaji hakosekani. Lakini mauaji ya kuigiza simba yanahitaji simba wa kweli atangulie. Noti bandia haipiti sokoni mahali ambapo noti halali haijulikani. Aliyetaka kumuua jirani yake na kumsingizia mnyama alihitaji nchi ambamo mnyama ameshaua vya kutosha hata kifo kimoja zaidi kisishangaze. Kwa hiyo maelezo mawili yanayochukuliwa kuwa maadui yanategemeana: ongezeko la simba lilimpa muuaji kificho, na hofu ya muuaji ikafanya kila aliyeuawa na simba ahesabiwe kuwa ameuawa na mtu. Ndiyo maana idadi ya kila kundi haiwezi kutenganishwa leo, na ndiyo maana hukumu za kunyonga zilizotolewa katika hali hiyo zinastahili kutazamwa kwa huzuni na tahadhari, wala si kama ushindi wa sheria.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Litasema kwamba mimi nami ninawanyang'anya wanakijiji imani yao, kwa kuigeuza kuwa lugha ya siasa. Walipomtaja mtumaji walimaanisha mtumaji, hawakumaanisha mfano. Ni kweli, na sitaki kuipunguza imani hiyo. Ila imani nayo ina kazi inayofanya. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alionyesha kwamba watu walijua fika kuwa mchwa ndio walioila nguzo ya ghala. Walichouliza ni kwa nini liliporomoka saa ile, juu ya watu wale. Wanyaturu walijua simba anaua kwa meno. Swali lao lilikuwa la nyongeza: kwa nini mtoto wa fulani, kwa nini baada ya ugomvi ule? Swali hilo linalazimisha jamii kukaa baraza, kufukua chuki zilizofichwa, kutaja madeni. Uzuri wake ni kwamba halikubali kifo cha mnyonge kipite bila mtu kuulizwa. Ubaya wake ni kwamba linapokosa njia ya kumfikia aliye mbali, yaani jeshi lililochukua ng'ombe au ofisi iliyochukua vijana, linamshukia aliye karibu na asiye na mtetezi: mjane, mgeni, kikongwe, kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye familia imemficha kwa aibu. Mtumaji aliyeshitakiwa alikuwa dhaifu kama mwathirika mwenyewe.

Majirani wa Wanyaturu wanatuonyesha kwamba palikuwa na njia nyingine ya kumpa simba maana. Kwa Wabarbaig, tawi la Wadatoga wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang na kushuka hadi Singida, aliyemuua simba kwa mkuki alihesabiwa kuwa amemuua adui wa watu wote. George Klima aliandika mwaka 1970 jinsi muuaji wa simba alivyopakwa samli, akavishwa mapambo ya kike kama mama aliyejifungua, akapita kwa jamaa na majirani kupokea zawadi za mifugo. Maana yake ni nzito: aliyeondoa hatari ameleta uhai, na jamii nzima ina deni kwake. Hapo simba hana bwana aliyemtuma. Yeye ni adui wa wote, na gharama ya kumkabili hugawanywa kwa wote. Siupendekezi utaratibu huo kwa leo. Simba wamepungua barani Afrika, na sheria zetu zinawalinda kwa sababu za msingi. Nautaja kwa sababu unathibitisha kwamba kumsaka mtumaji si tabia ya kuzaliwa ya watu wa nyanda za kati. Palipokuwa na chombo cha pamoja cha kulinda na kulipa, ulinzi na malipo vilitangulia, na simba alibaki kuwa simba.

Pingamizi la mwisho ni la wanaosema kwamba haya yamepita. Mwaka 1947, huku mahakama zikisikiliza kesi za Singida, serikali hiyohiyo ilikuwa inaangusha vichaka kwa matrekta huko Kongwa kwa ajili ya mradi wa karanga, uliotumia karibu pauni milioni 36 na kuachwa mwaka 1951. Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, na vijana wa mjini wanamwona simba kwenye jezi za mpira tu. Lakini wajibu haujapata jibu kamili. Kanuni za mwaka 2011 zinaipa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari malipo yaitwayo kifuta machozi, na zimekataa kwa makusudi kuyaita fidia. Tofauti hiyo ina uzito wake: fidia hulipwa na mwenye wajibu, kifuta machozi hutolewa na mwenye huruma. Dola inawamiliki simba kisheria, inapokea mapato ya utalii na uwindaji wao, na inawaadhibu wanaowaua. Ikifika zamu ya kifo cha mchungaji, inajitambulisha kama msamaria. Na katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, vikongwe wameendelea kuuawa kwa kushukiwa uchawi, jambo linaloonyesha kwamba njia ya kumtafuta mtumaji wa karibu bado iko wazi pale ambapo njia ya kumfikia mwenye wajibu imefungwa.

Historia ya Unyaturu inatudai mambo mawili kwa pamoja. Tuache kuwacheka waliosema simba ametumwa, kwa maana waliona jambo ambalo mahakama na Bwana Nyama hawakuliona: kwamba kifo cha namna hiyo kina watu nyuma yake. Tena tuwe wakali dhidi ya hitimisho lao, kwa sababu waliwataja watu wasiohusika, na wapo waliolipa kwa kitanzi. Waliowatuma simba wa Singida walikuwa vita, unyang'anyi wa mifugo, uchukuaji wa vijana na utawala uliokusanya kodi bila kulinda. Serikali inayotaka simba wawepo, nami nataka wawepo, ina kazi inayojulikana: kugharimia maboma imara ya mifugo, kuwapa wakulima wa mipakani njia ya kulinda mazao bila kulala wazi, kupeleka askari wa wanyamapori siku ya kwanza na si baada ya kifo cha tatu, na kuyaita malipo ya kifo kwa jina lake, fidia. Pale kazi hiyo itakapofanyika, mkulima wa Manyoni atakayempoteza mwanawe hatakuwa na haja ya kumtazama jirani yake kwa jicho la shaka, kwa sababu atajua ni ofisi gani ya kwenda kuidai.